Hotuba ya Karani wa Chama Juu ya Idadi ya Watoto wa Nasari Yetu



Katika taarifa ya mwaka uliopita tuliandika ya kwamba watoto wa nasari yetu wanapungua kwa sababu wazazi wa siku hizi huzaa wachache. Mkutano ulikubali, na jambo likaishia hapo. Leo twasimama kulisahihisha neno hilo, maana lilikuwa nusu ya kweli.

Nusu hiyo ni hii. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka wa 1977 na 1978 ulikadiria kuwa mwanamke huzaa watoto wapatao 8 maishani mwake. Ule wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Nyumba iliyokuwa ikileta ndugu watatu wakifuatana, sasa yaleta mmoja.

Nusu ya pili tuliikosa kwa kuwa tulihesabu tukiwa mezani, daftari la mahudhurio mbele yetu. Daftari humwonyesha aliyekuja, asiyekuja halimjui. Mwaka huu Kamati ilitutuma nyumba kwa nyumba, nasi tukawakuta watoto wa miaka 4 na 5, ambao ndio umri wa madarasa mawili ya awali, wakicheza uani saa za masomo. Wengi wao hutunzwa na nyanya zao, mama zao wakiwa kazini Nairobi.

Nyanya mmoja alitueleza kuwa alimpeleka mjukuu wake shuleni akaombwa cheti cha kuzaliwa, naye hana. Tulipomwuliza umri wa mtoto, alijibu kuwa alizaliwa wakati wa korona, barabara za kuingia Nairobi zilipofungwa. Mama yake alikuwa amekuja kusalimia, akashindwa kurudi, akajifungulia nyumbani. Barabara hizo zilifungwa Aprili 2020 na kufunguliwa Julai, basi hesabu ya umri ikapatikana bila karatasi. Mwalimu hakumfukuza mtoto, wala hatumlaumu. Alimwandika kwa penseli, ukurasa wa mwisho. Baada ya majuma machache nyanya akaona haya, akaacha kumleta.

Wako humu wazee waliotunzwa katika vibanda vya watoto vijijini wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, mama zao wakipelekwa kazi za lazima. Hatudhani kuna aliyewauliza cheti.

Sheria yataka mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6 kupita, na habari za aliyezaliwa nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu. Muda ukipita, njia huwa ndefu zaidi, lakini haikufungwa. Kinachopungua ni nauli, na mtu wa kufuatana na nyanya huyo hadi ofisini.

Liko na jambo la malipo. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka kadiri ya milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. Nasari haikuingizwa katika fadhila hiyo, na mzazi mwenye shida akaona heri amweke mtoto nyumbani mpaka darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 imeweka elimu ya awali mikononi mwa Kaunti. Hata hivyo kwetu fedha za uji zingali zikidaiwa, na wapo wanaofichwa nyumbani kwa ajili ya uji huo tu.

Kwa hiyo twaomba wazee wa kila kijiji watuletee, kabla ya shule kufunguliwa Januari, majina ya watoto wote wa umri huo, wenye cheti na wasio nacho. Twaomba pia Mkutano huu uidhinishe fedha za nauli na za vyeti kutoka katika sanduku la Chama. Bwana Mhazini atawaeleza kiasi kilichopo.

Habari za mtoto yule wa penseli tumekwisha kuzianza. Naibu wa chifu ametutaka turudi Jumanne na kitambulisho cha mama yake, na mama huyo ameahidi kukituma kwa basi la Jumatatu.