Chupa Isiyo na Kileo

Leo tutafakari pamoja jambo linalowasumbua watu walioacha ulevi, na jamaa zao pia.

Tuseme kijana wenu amerudi nyumbani kutoka kwenye matibabu. Ni mwezi wa tatu hajaonja pombe. Siku ya arusi ya dada yake, wajomba wanaona haya akae mikono mitupu kati ya wageni. Wanamnunulia bia iliyoandikwa kwamba haina kileo, wakisema, "Kunywa tu, mjomba, hii haina neno." Je, wamemtendea wema?

Kwanza tuisome chupa yenyewe. Katika nchi nyingi kinywaji huweza kuitwa hivyo hata kikiwa na kileo cha asilimia 0.5. Bia ya kawaida huwa na asilimia 4 au 5 hivi. Kiasi hicho kidogo hakimlevyi mtu. Lakini mgonjwa anayetumia disulfiramu, dawa inayoufanya mwili uikatae pombe, huonywa na daktari hata juu ya kiasi kama hicho.

Tena ziko chupa zilizoandikwa 0.0. Hata hizo zina ladha ile ile, harufu ile ile, na povu lile lile. Kwa miaka mingi ubongo wa mnywaji umejifunza kwamba harufu hiyo ikija, ulevi uko nyuma yake. Basi tamaa iliyokuwa imelala huamka. Wako walioacha pombe wanaokunywa vinywaji hivi wasidhurike. Wako wengine ambao chupa hiyo iliwarudisha baa. Hakuna ajuaye mapema atakuwa upande gani. Kwa hiyo, hasa katika miezi ya kwanza, ni busara kujiepusha navyo, na kumwuliza daktari kabla ya kuvijaribu.

Mtume Paulo, katika Warumi mlango wa 14, aliwafundisha Wakristo waliobishana juu ya vyakula. Hakutaka waulize tu kama chakula ni halali. Aliwataka wafikiri pia kitamfanyia nini ndugu yao. Nasi tuulize vivyo hivyo.

Enyi wenye arusi, wekeni chai, soda, maji ya matunda na maziwa mbele ya wageni wote, ili asiwepo wa kutazamwa peke yake. Akisema, "Hapana, ahsante," neno hilo na litoshe. Msimwulize sababu mbele ya watu. Hata kwenye Meza ya Bwana, anayepokea mkate peke yake kwa sababu ya shida hii amepokea ushirika kamili. Amwambie mchungaji wake, wala asione haya.

Nawe ndugu uliyeacha pombe, kukataa chupa hiyo si kudharau wajomba zako. Unalinda uhai uliorudishiwa.

Mungu wetu atupe upendo unaojua kumlinda mwenzake, hata katika jambo dogo kama chupa moja mezani. Amina.