Fomu ya Kazi Ikuulize Ulichofanya, Si Ukoo Wako

(Hotuba kwa wakazi wa Cheptais)



Mara nyingi kijana hufika ofisini na bahasha yake ya kaki, akisema, "Sina uzoefu wowote." Ukimwuliza zaidi, utagundua ameuza mboga sokoni tangu darasa la saba, ametunza pesa za chama bila shilingi kupotea, na amemuuguza nyanya yake. Huo ni uzoefu wa kuhudumia watu.

Waajiri waliling'amua hili zamani. Mwaka 1894, huko Marekani, Thomas Peters wa kampuni ya bima ya Washington Life alipendekeza kila anayetaka kuwa wakala aulizwe maswali yale yale kuhusu maisha yake. Siku hizi hojaji za aina hii hutungwa hivi: wafanyakazi waliopo hujibu maswali, kisha majibu yao hulinganishwa na utendaji wao kazini. Swali lisilotofautisha mchapakazi na mzembe huondolewa. Msingi wake ni kwamba aliyoyazoea mtu jana huenda akayatenda kesho. Si kipimo kamili, ndiyo maana mahojiano bado yanahitajika.

Lakini swali linaweza pia kuumiza. Hapa Mlima Elgon, baada ya machafuko ya ardhi ya 2006 hadi 2008, tunajua uzito wa kuulizwa, "Wewe ni wa nani?" Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka izingatiwe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Fomu ikiuliza kabila, basi iwe kwa hesabu hiyo. Kabila na ukoo havisemi kama utampokea mgonjwa kwa heshima pale dirishani. Katiba, kifungu cha 232, inataka ajira ifuate ushindani wa haki na sifa za mtu.

Kwa hivyo jazeni fomu kwa ukweli. Andika kazi ya soko, ya boda boda, ya kujitolea, na umtaje anayeweza kuithibitisha. Ukikuta swali linalokutia shaka, uliza jibu lako litatumiwa vipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki hiyo.