Maji Maangavu Huweza Kudanganya
(Maneno ya hotuba kwa wakazi wa Kimumu, Eldoret)

Jua likiwaka watoto hupenda kuogelea. Mzazi akiyaona maji ni maangavu husema, “Ni safi.” Lakini jicho halioni kijidudu.

Mvua ikikokota kinyesi hadi mtoni, kama vile Sosiani upitao mjini Eldoret, huweza kuleta homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu. Kutafuta kila kijidudu cha maradhi ni kazi ndefu. Kwa hiyo wapimaji hutafuta shahidi mmoja, aitwaye Escherichia coli, aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885. Shahidi huyu hukaa matumboni mwa watu na wanyama. Akionekana majini, kinyesi kimefika.

Maji hutekwa kwa chupa isiyo na kijidudu, yakachujwa, na chujio likawekwa juu ya chakula cha vijidudu, katika joto la digrii 44, kwa saa 24. Kisha madoa yaliyoota huhesabiwa. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi hata mmoja. Kwa maji ya kuogelea, kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 2012 ni wastani usiozidi 126.

Basi choo na kichimbwe mbali na mto, na mtoto asiogelee baada ya mvua kubwa. Maana aogeleaye humeza maji pia.