Mtumishi Haondoki kwa Sababu ya Mshahara Peke Yake

Msikilizaji, kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu huzunguka ujumbe wa namna hii: "Nipo Nyang'hwale, natafuta wa kubadilishana naye kituo, awe Moshi, Morogoro au Tanga." Anayeandika hivyo ana ajira ya kudumu, na mshahara wake unaingia kila mwezi. Anakimbia nini?

Wengi watasema fedha. Na kweli, fedha ina uzito wake. Mei Mosi 2025, kima cha chini cha mshahara serikalini kilipotangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, watumishi walishangilia. Lakini mwaka 1959, Frederick Herzberg na wenzake, waliowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani, walieleza kwamba mshahara mdogo humfanya mtu aichukie kazi, ila mkubwa peke yake haumfanyi aipende. Huipenda anapoona matunda ya jasho lake, anapotambuliwa na kupewa dhamana.

Sasa mtazame muuguzi wa zahanati iliyo mbali na Kharumwa, hapa wilayani kwetu Nyang'hwale. Amekesha peke yake, amezalisha kina mama wawili. Kunapokucha, kiongozi wake hamuulizi ameamkaje; anamdai ripoti. Daraja limechelewa, anakaimu bila posho, mwenzi wake yuko mkoa mwingine, watoto wako kwa bibi yao. Akipata nafasi ya kulala, usingizi hauji. Huyo ameshahama moyoni. Kilichobaki kituoni ni jina lake kwenye orodha ya zamu.

Wilaya yetu ni changa, imeanzishwa mwaka 2012 sambamba na Mkoa wa Geita. Kila anayehama anatuachia darasa lisilo na mwalimu wa hisabati, au wodi isiyo na mkunga.

Wakuu wa shule, waganga wafawidhi na halmashauri, likizo ya mwaka ya siku 28 ni haki ya kisheria, si hisani. Itoeni kwa wakati. Anayestahili daraja apandishwe, anayekaimu alipwe, na anayeomba kuifuata familia yake asikilizwe. Nasi wenyeji, mtumishi mpya akiripoti tumtafutie nyumba kwa kodi ya haki, tusimpandishie bei kwa kuwa ni mgeni.

Asante kwa kazi nzuri haihitaji bajeti. Tuanze nayo leo.