Baada ya Kura: Mpiga Kura, Tume na Ahadi Zisizotimizwa nchini Kenya



Kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, karibu wapiga kura milioni 2 walipokea ujumbe kwenye simu zao kutoka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Walichaguliwa kwa bahati nasibu. Wengine walihimizwa tu wajitokeze, wengine wakaelezwa zaidi kuhusu uchaguzi na kuhusu Tume yenyewe. Wataalamu watatu wa uchumi na siasa, Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri, walifuatilia kilichotokea. Waliopata ujumbe walijitokeza kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupata, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Lakini walipohojiwa baada ya uchaguzi, walikuwa na imani haba zaidi kwa taasisi za uchaguzi kuliko wenzao ambao hawakupata ujumbe. Imani ilishuka zaidi kwa waliounga mkono upande ulioshindwa, na katika maeneo yaliyoshuhudia ghasia.

Naomba tulitafakari tokeo hili kwa utulivu, maana linagusa kazi ya wengi wetu wanasemina tuliomo humu. Tumetumia miaka kuandaa mafunzo ya uraia, vipindi vya redio na mikutano ya mabaraza tukiamini kwamba mwananchi akihamasishwa, demokrasia inapata nguvu. Hapa tuna jaribio kubwa, lililofanywa na Tume yenyewe, ambapo uhamasishaji ulifanikiwa na imani ikapungua.

Sababu yake haifichiki kwa anayekumbuka siku ile. Mkenya alikuwa na karatasi sita za kupigia kura, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010. Tume ilikuwa imemwahidi mitambo ya kumtambua kwa alama za vidole na mfumo wa kupeleka matokeo kwa njia ya elektroniki. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa 2007, ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko ahadi ya mwanasiasa yeyote. Katika vituo vingi mitambo ilizimika, na maafisa wakarudia daftari la karatasi. Mfumo wa kupeleka matokeo nao ukakwama, wasimamizi wakalazimika kubeba fomu hadi Bomas jijini Nairobi, kura zilikojumlishwa, na taifa likasubiri hadi tarehe 9 Machi kusikia kwamba mshindi wa urais amepata asilimia 50.07. Aliyeambiwa na Tume kwamba mambo yatakwenda sawa aliumia zaidi kuliko aliyekaa bila kuambiwa lolote. Ndivyo ninavyolisoma tokeo lile, na ndivyo watafiti wenyewe walivyolieleza.

Hoja ninayoileta mezani ni hii: utafiti wetu kuhusu ushiriki wa wapiga kura umemchukulia mwananchi kuwa ndiye mwenye kasoro ya kurekebishwa, hali ushahidi tulio nao unatuelekeza kuichunguza taasisi inayomwita kituoni na yale inayoyafanya akishaondoka.

Tarakimu na tunavyozisoma

Mwaka 2013 waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 79, na 2022 karibu asilimia 65. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba Wakenya wamechoka. Lakini asilimia hii inategemea ukubwa wa sajili, na sajili ilikua kutoka majina milioni 14.3 mwaka 2013 hadi milioni 19.6 mwaka 2017, kisha milioni 22.1 mwaka 2022. Sajili kubwa yenye majina ya marehemu ambayo hayajaondolewa hushusha asilimia hata kama hakuna aliyebadili nia. Kwa hiyo tutazame idadi ya watu wenyewe. Kati ya 2017 na 2022 sajili iliongezeka kwa watu milioni 2.5, na waliopiga kura wakapungua kwa zaidi ya milioni moja. Hapo hakuna hila ya hesabu. Watu waliondoka.

Tena walioondoka ni wale tuliowaona. Ambao hawakuingia kabisa kwenye sajili hawahesabiwi katika asilimia yoyote niliyoitaja. Oktoba 2021 Tume iliazimia kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 na ikapata milioni 1.5 hivi. Iliporudia zoezi Januari 2022 ililenga milioni 4.5, ikapata takriban milioni moja. Katika sajili ya mwisho, vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa chini ya asilimia 40, pungufu ya walivyokuwa 2017, katika nchi ambayo vijana ndio wengi wa watu wazima.

Tuna tatizo la pili la vipimo. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye kishikwambi kama alipiga kura, mara nyingi atajibu ndiyo, hata kama siku hiyo alikwenda shambani. Ni adabu kwa mgeni, na pengine ni tahadhari, hasa pale mhojaji anapoonekana ameletwa na chifu. Nimeona ripoti zikijengwa juu ya majibu hayo bila kuyalinganisha na idadi ya kura zilizohesabiwa katika wadi husika, ilhali kulinganisha huko ni kazi ya asubuhi moja.

Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoshika mkia 2022, ambapo takriban asilimia 44 tu ya waliojiandikisha walipiga kura. Pwani imezoea kuelezwa kwa maneno ya kejeli kila matokeo ya namna hii yanapotoka, kwamba watu wake ni wazembe au hawajali. Nayakataa maelezo hayo, kwa sababu si utafiti. Kuna historia ndefu ya ardhi isiyo na hati. Kuna vijana waliozungushwa miaka na miaka wakitafuta kitambulisho. Kuna siasa ya kususia uchaguzi iliyohubiriwa na kundi la Mombasa Republican Council, na mashambulizi ya mkesha wa uchaguzi wa 2013 ambapo polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Na mwaka 2022 wenyewe, siku moja kabla ya kura, Tume iliahirisha uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na wa Kakamega kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa kimakosa. Wakazi waliambiwa warudi tarehe 29 Agosti, mshindi wa urais akiwa ameshatangazwa. Mtafiti anayepima moyo wa uraia wa mkazi wa Likoni au Kisauni bila kuweka mambo hayo kwenye hesabu yake anampima mtu asiyekuwepo.

Habari pekee hazitoshi

Dhana nyingine iliyotutawala ni kwamba mpiga kura akipewa habari sahihi atamwajibisha kiongozi. Dhana hii imejaribiwa sana. Mradi uliojulikana kama Metaketa uliratibu majaribio ya aina moja katika nchi kadhaa, zikiwemo Benin, Burkina Faso, Brazil, Mexico na jirani yetu Uganda. Wananchi walipewa taarifa za utendaji wa viongozi kabla ya uchaguzi. Kwa ujumla, matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuonyesha kwamba taarifa hizo zilibadili uamuzi wa mpiga kura wala idadi ya waliojitokeza. Hapa Kenya, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza wazazi wa vijijini waliopewa matokeo ya majaribio ya kusoma na hesabu ya Uwezo, yaliyoonyesha jinsi watoto wao walivyo nyuma. Hawakuona badiliko la maana katika juhudi za wazazi hao, nyumbani wala shuleni. Ili habari izae tendo, mzazi anahitaji kuamini kwamba jambo hilo linamhusu, kwamba anajua pa kulipeleka, na kwamba akilipeleka litasikilizwa. Kiungo kimoja kikikatika, habari inabaki kuwa masikitiko tu.

Lakini kuna matokeo mengine, na yanafundisha. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Uganda wa 2016, wapiga kura walitumiwa ujumbe wa simu kuhusu dosari zilizoonekana katika ukaguzi wa bajeti za wilaya zao. Kura za madiwani zilibadilika. Kura za wenyeviti wa wilaya hazikubadilika. Diwani ni mtu ambaye habari zake ni chache, hivyo taarifa moja ya kuaminika ina uzito kwake. Mwenyekiti amezungukwa na kampeni, redio na maneno ya kila aina. Nchini Brazil nako, kuanzia 2003, serikali ilichagua kwa bahati nasibu ya hadharani manispaa za kukaguliwa, na Claudio Ferraz na Frederico Finan wakaonyesha kwamba mameya waliokutwa na ufisadi walipungukiwa na nafasi ya kuchaguliwa tena, hasa palipokuwa na kituo cha redio cha mahali hapo. Katika mifano yote miwili chanzo cha habari kilikuwa ukaguzi rasmi, wenye nguvu ya sheria. Nadhani hilo ndilo lililowagusa wapiga kura, na ningependa mtafiti kijana alijaribu hapa kwetu kwa kutumia ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti.

Wala tusidhani Mkenya hajui kumwadhibu mwanasiasa. Kwa miongo mingi wabunge wengi wa nchi hii wamekuwa wakianguka kila uchaguzi. Joel Barkan, Mmarekani aliyeitafiti siasa ya Kenya tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba mpiga kura alimpima mbunge kwa alicholeta nyumbani, yaani shule, zahanati na michango ya harambee. Tangu kuundwa kwa hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, CDF, mwaka 2003, kipimo hicho kimeingizwa hata kwenye sheria, na basari ya mtoto imekuwa ndiyo ripoti ya kazi ya mbunge. Basi mbunge anaondolewa kwa kunyima basari, wala haulizwi alipigia nini kura bungeni. Wananchi wanawajibisha. Wanawajibisha kwa kile walichoachiwa wakione.

Katikati ya miaka mitano

Katiba, katika kifungu cha 104, inampa mpiga kura haki ya kumwita nyumbani mbunge wake kabla ya muhula kwisha. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikaizungushia ua. Ombi lisiletwe katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho, aliyeshindwa katika uchaguzi asilianzishe, Mahakama Kuu kwanza itoe uamuzi dhidi ya mbunge huyo, kisha zikusanywe saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kadhaa kati ya masharti hayo kwa kuwa yanapingana na Katiba. Hadi sasa hakuna mbunge hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa njia hiyo.

Kisha Tume yenyewe ikakosa watu. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 haikuwa na mwenyekiti. Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023, na wananchi wake hawakupata uchaguzi mdogo hadi tarehe 27 Novemba 2025. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu eneo bunge zima halikuwa na sauti bungeni, huku kodi ikiendelea kutozwa. Ninashangaa jinsi tulivyoandika machache kuhusu Banissa. Hapakuwa na mpiga kura mvivu pale wala mpiga kura asiyejua haki zake. Palikosekana mtu wa kumletea sanduku.

Juni 2024 ilikuja na jibu ambalo takwimu za uandikishaji hazikulitabiri. Vijana wale wale walioitwa wasiojali waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza mitandaoni, wakawapigia wabunge simu kwa maelfu. Wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga, na majina ya kila upande yakasambaa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, risasi zikafyatuliwa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya majuma yale. Hiyo ni bei ambayo hakuna raia anayepaswa kulipa ili kumuuliza mbunge swali. Vijana hawa walikuwa wakishiriki, tena kwa undani kuliko wengi waliopanga foleni 2022, kwa kumdai mbunge maelezo ya kura yake ndani ya Bunge, jambo ambalo Barkan hakulikuta miaka ya 1970.

Ninayoyaomba kwenu

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na hojaji zimeanza kuandikwa. Naomba mambo matatu. Tusifunge utafiti siku matokeo yanapotangazwa, kwa kuwa jaribio la 2013 lingeishia kituoni lingeripotiwa kuwa la mafanikio. Turudi kwa watu wale wale baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, tuulize kama wanaamini kura yao ilihesabiwa na kama wamemwona tena uso kwa uso aliyeiomba. Pili, kila dodoso linalompima mwananchi liandamane na kumbukumbu za taasisi: mitambo iliyofanya kazi na iliyozimika, saa kituo kilipofunguliwa, fomu 34A ya matokeo ya kura ya urais iliyobandikwa mlangoni na iliyokosekana. Mwaka 2022 Tume iliziweka fomu hizo za vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo kila mtu aliweza kuzisoma, na huo ni utajiri ambao bado hatujauchimba. Tatu, tuwarudishie matokeo wenyewe tuliowahoji, barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kabla hayajakwenda kwenye majarida. Wametupa saa zao na maoni yao bila malipo, na wengi hawajawahi kutuona tena. Anayefanya utafiti juu ya uwajibikaji aanze kwa kuwajibika kwao.