Mkutano wa Mtaa na Baraza la Mji

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Shinyanga



Bwana Mwandishi alitutaka tuseme habari za mikutano ya mitaa na jinsi inavyoshikana na serikali ya mji, naye akaongeza kwamba tusizidishe nusu saa, maana mwezi uliopita msemaji aliwaweka hapa hata taa zikawashwa. Tutajitahidi. Sisi si wanasheria, tu makarani tu, na umri wetu haujafika miaka arobaini. Lakini kazi ya kuandika maneno ya watu mkutanoni na kuyapeleka mbele tumeifanya kwa miaka kadhaa katika miji ya nchi hii ya dhahabu, na humo tumejifunza jambo moja: ya kuwa mkutano wa watu hufa kwa barua isiyojibiwa, na barua hiyo mara nyingi imo mezani petu sisi wenyewe.

Na tuutazame kwanza mpango kama ulivyo. Sheria mbili za mwaka 1982, ya 7 kwa wilaya na ya 8 kwa miji, ndizo zilizosimamisha tena serikali za mitaa baada ya kuvunjwa mwaka 1972. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, nao ndio wenye neno la mwisho katika mambo ya kijiji. Chini yake iko halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hata 25. Mjini, mahali pa kijiji pameshikwa na mtaa. Wakazi huchagua mwenyekiti na kamati yake kila miaka mitano, na uchaguzi wa hivi karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye mwandishi wa vikao, ni mtumishi wa halmashauri ya mji. Mwenyekiti huingia katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo kiti chake hukaliwa na diwani. Kutoka hapo diwani huendelea mpaka Baraza la Madiwani, na mwenyekiti wa mtaa hubaki nje ya mlango.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui, hata miongoni mwa makarani. Kijiji ni mwili mbele ya sheria: chaweza kushtaki na kushtakiwa, chaweza kutunga sheria ndogo zikathibitishwa na halmashauri iliyo juu yake, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 chasimamia ardhi yake. Mtaa hauna hata kimoja cha hivyo. Kamati yake hutekeleza maagizo ya halmashauri, huishauri, hutunza daftari la wakazi na kuangalia usalama. Manispaa yetu hii ya Shinyanga ina mitaa na vijiji pamoja ndani ya mpaka mmoja, hata waweza kuvuka shamba la mpunga ukatoka katika watu wenye uwezo wa kutunga sheria ndogo ukaingia katika watu wenye uwezo wa kushauri tu. Na kila mji unapokua, kama ilivyokuwa Kahama na Geita, vijiji vya kandokando humezwa na kugeuzwa mitaa. Watu hupiga vigelegele kwa sababu wameitwa watu wa mjini, wala hakuna awaambiaye walichokiacha nyuma.

Basi ulizeni, mtaa una nini? Hauna mfuko wake, hauna sheria yake, ardhi si yake. Una mkutano, na mkutano una muhtasari wake. Karatasi hiyo ikifika Baraza la Madiwani, mtaa umesema. Ikilala njiani, mtaa haukusema neno, hata kama watu mia tatu walipiga kelele chini ya mwembe.

Wasukuma hawakungoja sheria ya 1982 ili wajue kukutana. Dagashida ni baraza la zamani, la watu wote wa mahali, na twaomba radhi kwa wazee waliomo humu ambao walijua habari zake kabla sisi hatujazaliwa. Twaitaja kwa sababu ya ngitili. Ninyi nyote mwajua kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mkoa huu ulikuwa umekwisha kupoteza miti yake. Tangu miaka ya 1920 watu waliitwa kwa maelfu kufyeka mapori ili mbung'o wasipate pa kukaa, na baadaye, wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, watu waliondolewa penye ngitili zao nazo zikaachwa bila mwenyewe. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni mabwana miti walikuja na bustani za miche na miti ya kigeni, na watu waliipokea kwa adabu tu. Baadaye walianza kuuliza, nao wakajibiwa kwamba watu wanaitaka miti yao ya asili na ngitili zao. Dagashida zikaweka kanuni na faini za mtu aingizaye ng'ombe kabla ya wakati. Mahali pengi serikali za vijiji zikaziandika kuwa sheria ndogo, na halmashauri za wilaya zikazithibitisha. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya mia nane. Hatusemi kila ngitili iliendeshwa kwa haki, kwa maana nyingine zilikuwa za watu wenye ng'ombe wengi, na maskini alibaki akitazama uani. Lakini kanuni iliyotoka barazani ilirudi barazani ikiwa na muhuri, na watu waliitambua kuwa ni ile ile yao.

Tazameni sasa upande wa pili wa ghuba. Katika miaka ya baada ya vita Serikali ya kikoloni ilipanga katika Usukuma mabaraza ya ngazi kwa ngazi, tangu gunguli hata Shirikisho la Watemi kule Malya. Katika karatasi ulikuwa mpango mzuri sana. Kisha watu wa Geita wakaletewa baraza la wilaya la mataifa yote, lenye wajumbe Waafrika, Waasia na Wazungu, wala hawakuulizwa kama wanalitaka. TANU ilikuwa imezuiwa katika Usukuma tangu mwaka 1954, hata hapakuwa na mlango mwingine wa kupeleka neno. Mwaka 1958 watu walikataa. Walikusanyika kwa maelfu, na wengi wakavuka maji hata Mwanza ili wawaeleze wakubwa wa Jimbo la Ziwa uso kwa uso. Mwishowe Serikali ikaliacha baraza lile. Leo mtu huvuka pale Busisi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2025, wala hakumbuki kwamba mababu zake walivuka kwa ajili ya kuulizwa tu.

Yaweza kusemwa kwamba hayo ni ya kale. Basi tuje kwenye fedha, kwa kuwa penye fedha hakuna asinziaye. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na kwa miaka mingi ulilipa halmashauri dola 200,000 za Marekani kwa mwaka. Tangu 2014 ukaanza kulipa ushuru wa huduma kwa kadiri ya mauzo, sehemu 0.3 katika mia, na fedha zikaongezeka sana. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ikarekebishwa, ikaagiza kila mwenye leseni atengeneze kila mwaka mpango wa kuwasaidia watu wa mahali, akubaliane juu yake na halmashauri. Halmashauri nayo yapaswa kuweka miongozo, kusimamia kazi, na kuwafahamisha wananchi miradi iliyomo katika eneo lao. Tumekisoma kifungu hicho mara nyingi. Chasema wafahamishwe, hatukuona mahali kinaposema waulizwe. Kwa hiyo kuulizwa kwao kumeachwa katika mikutano ya mitaa na vijiji, na katika utaratibu wa Fursa na Vikwazo ambao kwao wananchi hupanga mahitaji yao kabla ya bajeti. Orodha ya mtaa hupanda kwenda kata, ya kata hupanda kwenda halmashauri, na ya halmashauri ndiyo iwekwayo mezani mbele ya watu wa mgodi. Mtaa usiokuwamo katika orodha ya kwanza hautaonekana katika ya mwisho. Na kuna mitaa iliyo ndani ya vigingi vya leseni, ambako mtu haruhusiwi kujenga hata choo kipya bila maneno mengi. Hao mkutano wao ndio mlango wao wa karibu, na wengine wamekuwa wakibisha kwa miaka.

Sasa twaja kwenye kosa letu wenyewe, na mji hatutautaja.

Tulikuwa tukikaimu uandishi wa mtaa mmoja. Watu walikutana Jumamosi, wakaja zaidi ya mia mbili, wakakubaliana kujenga madarasa mawili, kwa maana watoto wao walikuwa wakivuka barabara kuu ya malori kwenda shule. Walichanga fedha, wakabeba mawe, kina mama wakasomba maji, na kabla ya masika boma lilikuwa limefika usawa wa linta. Tangu siku ya kwanza makubaliano yalikuwa kwamba wananchi wainue kuta, na halmashauri ipaue. Sisi tuliandika muhtasari mzuri. Katika sekondari ya misheni tulifundishwa na mwalimu aliyetuchapa viboko kwa ajili ya mkato uliokosewa, hata leo twajivunia mihtasari yetu. Kamati ya Kata ikaupitisha. Tukarudishiwa nakala ili tuambatanishe makisio ya fundi, kisha tuupeleke halmashauri. Fundi alichelewa kuleta makisio. Tukaiweka ile nakala katika jalada ili tusiipoteze. Na jalada lile lilikuwa limeandikwa juu yake "Mengineyo".

Orodha ya mwaka ule ilipofungwa, boma letu halikuwamo. Hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukukumbuka, mpaka mvua ilipoanza kuzila kuta.

Tulipoitisha mkutano uliofuata walikuja watu kumi na tisa. Tuliwahesabu mara mbili. Mzee mmoja, aliyekuwa ametoa ng'ombe wake wa plau abebe mchanga, alikuja akakaa mbele, akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, ile karatasi yetu ilisema nini huko?" Nasi tukajibu kwamba jambo linashughulikiwa. Hatukusema uongo sana kama siku ile.

Ubaya haukuishia hapo. Mwezi wa pili yake halmashauri ilitaka ridhaa ya wakazi juu ya mahali pa jalala la taka, na jibu lilitakiwa upesi. Tukaitisha mkutano, wakaja ishirini na wachache, wakakubali, tukaandika, na safari hii karatasi ilikwenda kwa mbio ajabu. Lori la kwanza lilipofika lilikuta watu wapata mia tatu wamekaa njiani. Afisa aliyetumwa aliwaonyesha muhtasari wenye sahihi. Mama mmoja akamwambia, "Hiyo ni karatasi yenu. Yetu iko wapi?" Afisa hakujua asemalo. Sisi tulijua, nasi tulikuwa tumesimama nyuma ya lori.

Tumeyasimulia hayo kwa kuwa twasikia makarani wengi wakilalamika kwamba wananchi siku hizi hawaji mikutanoni, kwamba wanataka posho, kwamba ni wavivu. Yawezekana wapo walio hivyo. Lakini mtu aliyeacha genge lake Jumamosi nzima ili aseme neno, neno lake likapotea, akikaa gengeni Jumamosi ijayo ametumia akili. Na walio juu yetu nao wana lao: jibu la "hakuna fedha" huona haya kulitoa, hulichelewesha mwaka mzima wakidhani ukimya ni adabu. Sisi tumeona mikutano ikipokea "hakuna fedha mwaka huu" kwa manung'uniko ya dakika kumi, kisha wakaendelea na ajenda ya pili. Ukimya hawakuusamehe.

Tangu wakati ule tumejiwekea desturi, nayo ndiyo tutakayo tawi hili lizungumze baada ya chai. Katika daftari la mkutano twapiga mstari pembeni mwa kila azimio, tukaandika tarehe lilipoondoka, lilikofika, na lilijibiwa nini. Mkutano ufuatao huanza kwa kusoma mstari huo, kabla ya salamu za wageni, hata kama nafasi yenyewe i tupu. Mwenyekiti mmoja alituambia kwamba kusoma nafasi tupu mbele ya watu ni kuidhalilisha halmashauri. Huenda. Lakini diwani alipousikia mstari mtupu ukisomwa mara mbili mfululizo mbele yake, mara ya tatu alikuja na jibu mfukoni.

Boma lile lilipata bati mwaka wa tatu, darasa moja. Kuta za la pili zilikuwa zimeoza, zikabomolewa na kuanzwa upya. Mzee wa ng'ombe wa plau hakuliona. Linta imefungwa tena mwaka huu, na maombi ya mabati yaliondoka mikononi mwetu tarehe 3 ya mwezi uliopita. Jibu halijaja. Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, na jambo hilo ni la kwanza kusomwa.