Uchaguzi wa Marekani na Nauli ya Wanafunzi Wetu



Watu wengi hudhani ya kuwa uchaguzi wa Rais wa Marekani ni jambo la mbali, lisilotuhusu sisi tukaao Nairobi. Leo nataka kuwaeleza habari za uchaguzi wa mwaka 1960, ambao nauli ya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki iliingia ndani yake, ikawa sababu ya mashindano ya wakubwa. Habari hii ina mafunzo kwa kila mpiga kura, awe anakaa Westlands, Kawangware au kijijini.

Kwanza yafaa tufahamu hali ilivyokuwa. Miaka ile vijana waliomaliza masomo ya sekondari walizidi nafasi za masomo ya juu. Nairobi haikuwa bado na chuo kikuu kamili, wala Makerere haikuweza kuwachukua wote. Tom Mboya, mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaenda Marekani kuomba nafasi. Vyuo vikakubali, lakini nauli haikuwako. Basi yeye, pamoja na Dokta Gikonyo Kiano na Bwana Kariuki Njiiri, wakawachagua wanafunzi, na marafiki wa Marekani wakachanga fedha. Mwezi wa Septemba, 1959, wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege iliyokodiwa. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakuipenda safari hiyo, wakisema kwamba vyuo vingine vya Marekani ni vya daraja la chini.

Mwaka uliofuata waliopata nafasi walikuwa zaidi ya 200, wakitoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Ndege moja haikutosha tena. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani ilipoombwa msaada ilikataa, na siku za kufunguliwa vyuo zilikuwa zikikaribia.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Seneta John Kennedy wa chama cha Democratic alishindana na Richard Nixon wa chama cha Republican, aliyekuwa Makamu wa Rais. Tarehe 26 Julai, 1960, Mboya alimwendea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, akamweleza shida yake. Baadaye mfuko wa hisani wa jamaa ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Wasaidizi wa Nixon nao wakaihimiza serikali, na wizara ile ile iliyokataa ikasema sasa iko tayari kutoa dola 100,000! Waandalizi wa safari wakaishika ahadi ya Kennedy. Ndipo Seneta Hugh Scott, wa chama cha Nixon, akasimama katika Baraza la Seneti, akamshutumu Kennedy kwamba anatumia fedha za hisani kwa faida ya siasa.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini wakubwa washindane kulipa nauli ya vijana wasio na kura? Jibu ni hili. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua, na karibu kila mahali mgombea anayeongoza jimboni, hata kwa kura chache, huwachukua wajumbe wote. Katika miji ya majimbo makubwa, kama vile Illinois na Michigan, walikuwako Wamarekani weusi wengi, na kura zao ziliweza kuinamisha mizani. Mwezi wa Novemba Kennedy alipata wajumbe 303 na Nixon 219. Bali katika kura za wananchi, zaidi ya milioni 68, tofauti yao haikufika 120,000. Hatuwezi kusema kwamba nauli ile ndiyo iliyomshindisha Kennedy. Lakini yafahamika kwa nini hakuna aliyetaka aonekane amewafungia mlango vijana wa Kiafrika.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mara hii nyasi zilinufaika, kwa kuwa Mboya hakwenda na maneno matupu. Alikuwa na wanafunzi waliokwisha kuchaguliwa, na vyuo vilivyokwisha kuwakubali. Wala safari haikufanywa mali ya chama kimoja: kati ya walioisaidia alikuwamo Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, aliyemuunga mkono Nixon.

Fundisho jingine ni kupima maneno ya kampeni. Mwaka 2007 Barack Obama, akigombea urais, alisema kwamba jamaa ya Kennedy ndiyo iliyomleta baba yake Marekani. Lakini baba yake alifika huko mwaka 1959, kabla ya fedha za Kennedy kutolewa.

Kennedy aliuawa kwa risasi mwaka 1963, na Mboya naye tarehe 5 Julai, 1969, katika Government Road, iitwayo sasa Moi Avenue. Kampeni ile imepita, lakini matunda yake tunayo. Mmoja wa wasafiri wa mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Alisoma Kansas, akarudi, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1989 alipinga kujengwa kwa jengo la ghorofa zipatazo 60 katika Uhuru Park, na bustani ikasalimika. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, na huko Kabete ipo taasisi ya chuo yenye jina lake.

Katika Kenya uchaguzi mkuu huja kila mwaka wa tano, mwezi wa Agosti. Wagombea watakapofika Dagoretti au Kibera na magari yenye vipaza sauti, wengine watagawa unga na vitenge. Unga huliwa ukaisha. Afadhali wananchi wakae mapema, wakubaliane juu ya haja yao moja kubwa, ikiwa ni darasa, zahanati au karo ya watoto, kisha wamwulize kila mgombea, bila kujali chama chake, atafanya nini na lini. Ahadi ni deni, na mwenye kudai ni yule anayejua anachodai.